Una diploma na unataka digrii? Mambo ya kujua kabla ya kuhama chuo

Nyakuron, hapa Juba, wanaishi vijana waliosoma Kenya na Uganda wakiwa wakimbizi, pamoja na wengine waliokimbilia mjini kutoka Sudan na Kongo. Baadhi yao wana diploma ya ualimu, uhasibu au afya. Swali lao ni moja: nikiomba nafasi katika chuo kikuu chenye ushindani, nitaendelea pale nilipofika au nitarudishwa mwaka wa kwanza?

Swali hili ni la pesa na la muda. Mwaka mmoja wa masomo ni ada, nauli na kodi ya chumba. Mtu aliyepanga kusoma miaka miwili akaambiwa ni minne anaweza kuishia njiani. Makala hii inaeleza jinsi vyuo vinavyoamua, na unachoweza kufanya mapema.

Kukubaliwa si sawa na kuhesabiwa masomo

Chuo kikuu hufanya maamuzi mawili. La kwanza ni kama unafaa kuingia. La pili ni masomo yako yapi yatahesabiwa. Barua ya kukubaliwa hujibu swali la kwanza, na mara nyingi hunyamaza juu ya la pili.

Chukua mfano wa Kenya. Kiwango cha kawaida cha kuingia digrii moja kwa moja ni C+ katika mtihani wa KCSE. Aliyepata chini ya hapo anaweza kupitia njia ya diploma. Lakini katika mfumo wa sifa za elimu wa Kenya, diploma iko ngazi ya 6 na digrii ya kwanza ngazi ya 7. Mwongozo wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu wa 2014 unaruhusu kuhamisha hadi asilimia 49 ya masomo makuu, ila kati ya programu zinazofanana na zilizo ngazi moja. Kwa hiyo mwenye diploma haombi kuhamishiwa masomo. Anaomba kusamehewa baadhi ya masomo, na kitivo hulinganisha somo kwa somo kabla ya kukubali au kukataa.

Nchi jirani

*Uganda.* Sheria ya vyuo vikuu ya 2001 inatambua wenye diploma kama kundi lake la waombaji. Makerere, chuo kikongwe kuliko vyote nchini humo (1922), hutaka diploma inayohusiana na kozi unayoomba, kutoka chuo kinachotambuliwa. Cheti cha sekondari kutoka nje ya Uganda hulinganishwa na UNEB. Diploma ya nje hupelekwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu (NCHE).

*Tanzania.* Mwenye diploma huhitaji wastani usiopungua B, au GPA ya 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Hicho ni kiwango cha chini; kozi zenye ushindani huomba zaidi. Waliosoma vyuo vya huko huhitaji pia namba ya uthibitisho kutoka NACTVET.

*Sudan Kusini.* Anzia kwa msajili wa chuo unachotaka, kisha uliza Wizara ya Elimu ya Juu, Sayansi na Teknolojia jinsi cheti cha nje kinavyothibitishwa. Chuo Kikuu cha Juba chenyewe kinajua kuhama: mwaka 1989 vita vilikipeleka Khartoum, na baadaye kikarudi nyumbani.

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Hata hivyo, uanachama huo haufanyi cheti kikubalike chenyewe kila mahali. Kila nchi bado ina ofisi yake ya kukagua.

Karatasi za kuchukua kabla hujaondoka

Ukiwa bado karibu na chuo chako cha diploma, omba haya:

- Transkripti yenye muhuri na sahihi, inayoonyesha alama za kila muhula.
- Maelezo ya kila somo: mada, saa za kufundishwa na krediti zake. Bila karatasi hii kitivo hakina cha kulinganisha.
- Maelezo ya mfumo wa alama. "B" ya chuo kimoja si "B" ya kingine.
- Uthibitisho kwamba chuo kimesajiliwa na kozi yako imeidhinishwa.

Ongeza cheti chako cha sekondari. Karatasi za Kiarabu au Kifaransa zitahitaji tafsiri rasmi ya Kiingereza.

Kagua jina pia. Kama cheti kinasema Yohana na kadi ya mkimbizi inasema John, shughulikia tofauti hiyo sasa kwa kiapo cha jina, kabla haijazuia maombi yako.

Ukishavuka mpaka, kila karatasi itahitaji mtu wa kuifuatilia, barua ya kumruhusu na pesa ya kuituma.

Ufadhili na hali yako ya ukimbizi

DAFI, ufadhili ulioanza mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani, ni wa wakimbizi wanaosoma digrii ya kwanza. Raia wa Sudan Kusini aliyerudi Juba si mkimbizi tena katika nchi yake, kwa hiyo masharti yake hubadilika. Kama unafikiria kurudi nyumbani katikati ya masomo, waulize kwanza wanaokufadhili.

Nafasi bado ni chache. Mwaka 2019 ni asilimia 3 tu ya wakimbizi duniani waliokuwa katika elimu ya juu. Lengo la UNHCR na washirika wake ni asilimia 15 ifikapo 2030.

Diploma iliyopangwa vizuri

Mradi wa BHER ulioanza Dadaab mwaka 2013 unaonyesha kinachowezekana. Vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi vya Kenya, pamoja na York na British Columbia vya Kanada, vilipanga masomo kwa ngazi: cheti, diploma, kisha digrii. Kila ngazi ilikuwa na karatasi yake, ili anayehamishwa au kurudi kwao asiondoke mikono mitupu. Njia ya kupanda ilijulikana kabla mwanafunzi hajaanza.

Nawe unaweza kuuliza hivyo hivyo. Kabla ya kulipa ada ya diploma, mwandikie msajili wa chuo kikuu unachokitamani: "Je, mnaitambua diploma hii? Mnataka alama gani? Nitaanzia mwaka gani?" Hifadhi jibu lake la maandishi. Kama tayari unayo diploma, uliza hivyo kwa vyuo vitatu na ulinganishe. Huenda chuo kimoja kikakusamehe mwaka mzima na kingine kisikusamehe hata somo moja. Huenda pia ukaona kuanza upya katika kozi nzuri kunakufaa zaidi. Hapo utakuwa umechagua mwenyewe, ukijua gharama yake.

Mwisho, jihadhari na madalali. Lipa ada za maombi na za uthibitisho kwa ofisi husika tu, na udai risiti. Mtu anayekuahidi nafasi kwa pesa ya mkononi hana nafasi ya kukupa.