SABUFA: KUICHAGUA NA KUIPA UMEME

Nasema nanyi wote mlioketi darasani, na hasa ninyi wa Choma, Wilaya ya Igunga, Mkoa wa Tabora. Bwana mwalimu, tafadhali andika ubaoni neno hili: SA-BU-FA. Wote lisomeni pamoja.

Sabufa ni spika inayotoa sauti nene. Sauti ni mtikisiko wa hewa. Zumari hutikisa hewa upesi upesi, mara nyingi sana kwa sekunde moja. Ndiyo maana sauti yake ni nyembamba. Ngoma kubwa huitikisa polepole. Sabufa hufanya kazi ya ngoma kubwa: mitikisiko kama 30 mpaka 100 kwa sekunde.

Katika karne ya 19, misafara iliyopita Tabora kati ya Bagamoyo na Ujiji ilikwenda kwa ngoma na baragumu. Sauti nene huzunguka vichaka na kupenya kuta. Kwa hiyo jirani aliyefunga mlango hasikii maneno ya wimbo wako, lakini sabufa yako anaisikia usiku kucha. Mkumbukeni.

Kuchagua

Kwanza, tazama boksi. Spika ikisukuma hewa mbele, huivuta nyuma. Bila boksi, hewa ya mbele na ya nyuma hukutana na kuuana, na sauti nene hupotea. Boksi liwe la mbao nene, lisilotetemeka wala kupwaya. Boksi lililozibwa hutoa sauti safi; lenye tundu hutoa sauti kubwa zaidi kwa umeme ule ule.

Pili, soma. Hapa ndipo faida ya kujua kusoma inapoonekana. Tuseme katoni imeandikwa wati 5,000. Geuza chombo, usome kibandiko cha nyuma. Huenda kimeandikwa: volti 230, wati 50. Tuamini kipi? Tuamini kibandiko. Mtungi wa debe moja hautoi maji ya madebe mia. Vivyo hivyo, chombo kinachopokea wati 50 hakiwezi kuendelea kutoa wati 5,000. Asiyesoma hulipia namba ya katoni. Anayesoma hulipia kitu chenyewe.

Kuipa umeme nyumbani

Yuniti moja ya LUKU ni wati 1,000 kwa saa moja. Sabufa ya wati 50, hata ikitumia nguvu zake zote, itamaliza yuniti moja kwa saa 20.

Mwenye sola afanye hesabu hivi. Betri ya volti 12 na ampea 100 kwa saa: 12 mara 100 ni 1,200. Betri ya risasi na asidi isitumiwe zaidi ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Zimebaki 600. Gawanya kwa 50, utapata saa 12. Inveta nayo hula kidogo, basi hesabu saa 10. Na betri ya motokaa si ya kazi hii. Hiyo imetengenezwa kuwasha injini kwa nguvu nyingi na kwa muda mfupi. Ukiikausha mara kwa mara, itaharibika.

Kuipa umeme katika motokaa

Amplifaya ya wati 300 kwa betri ya volti 12: 300 gawanya kwa 12 ni ampea 25. Amplifaya hupoteza umeme mwingine kuwa joto, kwa hiyo huvuta zaidi ya hapo. Waya mwembamba ukipitisha umeme huo hupata moto, ganda lake huyeyuka, na motokaa yaweza kuungua. Weka waya mnene, na fyuzi karibu na betri, si mwisho wa waya. Fyuzi ikikatika, usiweke msumari wala kipande cha waya mahali pake. Fyuzi hukatika ili motokaa isiungue.

Tazama pia omu. Spika mbili za omu 4 zikiungwa sambamba huwa omu 2. Kama amplifaya imeandikwa isipungue omu 4, itachemka na kuungua.

Mwisho, usipige muziki saa nyingi injini ikiwa imezimwa. Betri ikiisha usiku, motokaa iliyohitajiwa kumpeleka mgonjwa Igunga haitawaka.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini spika isiyo na boksi haitoi sauti nene?
2. Katoni na kibandiko vikitofautiana, utaamini kipi? Kwa sababu gani?
3. Betri ya sola ni volti 12, ampea 50 kwa saa. Sabufa ni wati 30. Itapiga saa ngapi, ukitumia nusu ya betri na bila kuhesabu inveta?
4. Fyuzi huwekwa wapi?

Jibu la swali la tatu ni saa 10. Asiyelipata asione haya. Arudie hesabu pamoja na mwenzake. Kwaherini.