Imani Hukuzwa Ibadani

Kuna maneno mawili ninayoyasikia mara kwa mara kuhusu ibada zetu za Jumapili huku Kilimanjaro, na yote mawili yananiuma. La kwanza hutoka kwa wageni. Wanapita barabara ya Machame au ya Marangu, wanakuta watu wamejaa uwanja wa kanisa, mzee ameinua mkungu wa ndizi juu na bei zinatajwa kwa sauti, basi wanaondoka wakisema Walutheri wa mlimani wamegeuza kanisa kuwa soko. La pili hutoka kwa watoto wetu wenyewe, waliolelewa humo humo: kwamba kwenda kanisani kila wiki ni mazoea tu, kwamba ibada ni ile ile, na kwamba mtu hukua kiroho vizuri zaidi akiwa chumbani na simu yake, akimsikiliza mhubiri amtakaye kwa saa aitakayo.

Nianze na hili la pili, maana limewachukua wengi.

Ni kweli, ibada yetu ni ile ile. Kengele inapigwa, tunasimama, mchungaji au mwinjilisti anaingia pamoja na wazee wa kanisa. Tunaungama dhambi kwa maneno waliyoungama bibi zetu. Tunatangaziwa msamaha, masomo ya siku yanasomwa, tunakiri Imani ya Mitume, tunasikia mahubiri, tunatoa sadaka, tunaombeana, tunabarikiwa. Mwaka wa kanisa nao unazunguka vile vile: Majilio, Krismasi, Kwaresma, Pasaka, Pentekoste, kisha zile Jumapili ndefu za baada ya Utatu. Asiyekaa humo huona marudio matupu. Aliyekaa humo anajua kwamba ipo Jumapili utafika umemnunia jirani yako kwa ugomvi wa mpaka, na lile ungamo ulilolisema miaka yote bila kulitafakari likakushika kooni, ukashindwa kulimalizia. Siku hiyo maneno yalikuwa tayari mdomoni mwako kwa sababu Jumapili nyingine zote uliyatamka. Mtu hawezi kujifunza kuungama siku ile ile anayohitaji kuungama.

Kisha kuna suala la kuchagua. Kwenye simu unachagua. Ukichoka kusikia habari za toba, unageuza. Ukitaka habari za mafanikio, wapo wanaozihubiri usiku kucha. Kanisani somo limepangwa na kalenda, halijui ulichokijia. Mwenye fedha anasomewa habari ya tajiri na Lazaro, na mwenye kisasi anasomewa habari ya mtumwa aliyesamehewa deni kisha akamkaba mwenzake. Anayejichagulia mahubiri maisha yake yote atakutana kila siku na yale ambayo tayari anayapenda, na hapo sioni atakua kuelekea wapi.

Wazee wetu walichimba mifongo, yaani mifereji ya maji, kutoka kwenye makorongo ya mlima, maji yakagawanywa kwa zamu, kila ukoo na siku yake. Hakuna aliyetegemea gharika ya siku moja kukuza mgomba. Alitegemea zamu yake, ndogo lakini isiyokosa, na aliyeipuuza zamu aliona majani yakikunjamana. Sijapata mfano mwingine unaoeleza vizuri zaidi Jumapili inavyomkuza Mkristo.

Wala mafundisho haya hayakuzuliwa juzi. Martin Luther alipoandika Katekisimo Ndogo mwaka 1529 aliieleza amri ya tatu, ile ya kuitakasa siku ya mapumziko, na katika maelezo yake hakugusa kupumzika hata kidogo. Alichogusa ni mahubiri na Neno la Mungu: tusivipuuze, tulisikie Neno na kujifunza kwa moyo wa kupenda. Mwaka mmoja baadaye Ungamo la Augsburg likalieleza kanisa kuwa ni kusanyiko la waamini ambamo Injili inahubiriwa na sakramenti zinatolewa ipasavyo. Kusanyiko. Hata kabla ya hao, mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 10, aliwakuta Wakristo ambao tayari walikuwa wameanza kuzoea kutokusanyika, akawaonya. Kwa hiyo kijana asidhani yeye ndiye wa kwanza kuona Jumapili ni ndefu.

Na sisi wa mlimani tuna ushahidi wetu. Wamisionari wa Kijerumani wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwaondoa Wajerumani, na kufikia mwaka 1920 sharika zilikuwa zimebaki karibu yatima, mpaka Leipzig waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Nani alilishika kanisa katika miaka hiyo? Walimu wa Kichaga, wengi wao wakiwa hawajawekewa mikono kuwa wachungaji. Walipiga kengele, wakasoma Neno, wakaongoza nyimbo, wakafundisha watoto katekisimo. Vita vya pili vilipowachukua tena Wajerumani, ibada ziliendelea, safari hii zikiwa na wachungaji wetu wenyewe. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania lililoundwa kwa muungano wa makanisa saba mwaka 1963, mkuu wake wa kwanza akiwa Askofu Stefano Moshi, mtoto wa mlima huu, lilisimama juu ya hizo Jumapili. Wale walimu hawakuwa na fedha za misheni wala vyeo. Walikuwa na liturujia wanayoijua kwa moyo na watu waliozoea kuja.

Sasa niseme juu ya jambo ambalo wengi huliona kero: matangazo. Wageni hutazama saa, vijana hutoka nje. Mimi naona hapo ndipo usharika hujijua. Katibu anasimama na daftari. Fulani wa mtaa wa juu amelazwa hospitali ya KCMC, jumuiya yake imekwenda kumwona lakini bado anahitaji watu. Msiba uko kwa fulani, mazishi Jumanne saa nane. Kijana fulani na binti fulani wanatarajia kufunga ndoa, hili ni tangazo la pili, mwenye pingamizi aione ofisi ya usharika. Mama fulani anatoa shukrani, mwanawe amepona. Ibada inapoisha, watu wanne watano wameshakubaliana kupitia hospitalini kabla ya kwenda nyumbani, na mmoja ameshauliza nani atapika uji. Hayo yote hutendeka kwa sababu watu walikuwa mahali pamoja kwa saa moja. Na wiki utakayokosa wewe, aliyezoea kukaa jirani nawe atauliza kulikoni. Wiki ya pili mzee wa kanisa atabisha hodi. Wapo wanaoliita hilo umbeya. Wamekosea. Kujulikana ni sehemu ya kulelewa, na imani isiyoulizwa na mtu yeyote hufifia mwenyewe asijue.

Nije kwenye mnada, maana ndio unaotukanwa zaidi.

Tazama unavyokwenda. Asubuhi mjane wa kihamba cha chini (shamba la nyumbani) hana shilingi ndani ya nyumba. Ana mayai matano. Anayafunga kwenye kitambaa, anampa mjukuu, na mtoto anayabeba kwa mikono miwili mpaka kanisani na kuyaweka mbele pamoja na ndizi, maharage, magimbi, parachichi, chupa ya maziwa na kuku aliyefungwa miguu. Yanaombewa kama sadaka nyingine yoyote. Baada ya baraka tunatoka uwanjani, tarumbeta zinapigwa, na mzee wa mnada anaanza. Anayainua yale mayai. Mtu anataja bei, mwingine anaongeza, na mpaka yanapopata mwenyewe yamefika bei ambayo hakuna duka lingethubutu kuiandika. Aliyenunua analipa, kisha anasema yarudi mnadani. Yanauzwa tena. Aliyeyanunua mara ya pili anampa mgeni, au mzee asiyejiweza, au anamrudishia yule yule mjane ayapeleke nyumbani.

Nani anayefanya biashara hapo? Hakuna anayepata faida, na hakuna anayenunua kwa sababu anahitaji mayai. Mjane asiye na fedha ametoa sadaka kamili, bila kuona haya mbele ya mwenye gari. Mwenye fedha naye ameigeuza sadaka ya mjane kuwa bati la kanisa au ada ya mtoto wa shule. Wametoa wote wawili katika yai lile lile, na mtoto aliyelibeba ameona kwa macho yake jinsi kidogo chake kilivyoheshimiwa mbele ya watu wote. Mafundisho ya utoaji ya namna hiyo hayapatikani katika semina yoyote ninayoifahamu. Kwa hiyo nasikitika kuona sharika za mjini zikiuacha mnada kwa sababu hakuna nafasi ya kuegesha magari, na badala yake watu wanatuma sadaka kwa simu. Fedha inafika, sikatai. Mjane na mwenye gari hawakutani tena.

Kinachoniliza hasa, hata hivyo, ni kipaimara. Bruno Gutmann, mmisionari aliyefanya kazi Kidia katika Moshi ya Zamani hadi mwaka 1938, aliona kwamba Wachaga walikuwa na vifungo vyao kabla ya Injili kuja: ukoo, ujirani na rika. Hakuvivunja. Alijenga usharika juu yake, na vijana wa kipaimara akawaunganisha katika vikundi, kila mmoja akiwajibika kwa mwenzake, kama rika la zamani lilivyowajibika. Kwa miaka mingi kipaimara chetu kilibeba alama ya jambo hilo. Ulisoma kwa muda mrefu, ukaijua katekisimo kwa moyo, ukahojiwa mbele ya usharika mzima huku mama yako akitetemeka kwenye benchi. Uliopata nao kipaimara mliitana hivyo mpaka uzeeni, na msiba ukimfika mmoja, wengine walifika. Lengo la yote lilikuwa siku inayofuata: Jumapili ya kwanza unapopiga magoti na watu wazima kupokea Chakula cha Bwana.

Leo mzazi anauliza kwanza ukumbi, mpishi na mpiga picha. Gauni linashonwa mapema kuliko katekisimo inavyosomwa. Sherehe inakwisha usiku, na Jumapili inayofuata nusu ya benchi lile liko tupu. Tumewafundisha watoto kwamba kipaimara ni kuhitimu, na aliyehitimu hurudi shuleni kufanya nini? Kosa hili ni letu wazazi, tusiwasukumie watoto.



Wala sikatai kwamba ibada zetu zina vidonda. Ziko Jumapili ambazo bahasha za michango zinakuwa nyingi kuliko aya zilizosomwa, na mtu maskini anatoka akiwa amekumbushwa madeni kuliko neema. Viko vipindi ambavyo kwaya zinapangwa nne tano na mahubiri yanabanwa yawe ya dakika kumi. Wanaolalamikia hayo wanastahili kusikilizwa. Lakini dawa ya ibada iliyojaa michango ni kuisafisha ibada, wala haiwezi kuwa kubaki kitandani. Mwaka 2020, korona ilipofunga milango ya makanisa nchi jirani ya Kenya, hapa Tanzania Serikali iliacha nyumba za ibada wazi. Wakenya wengi walipofunguliwa walirudi kwa machozi. Wako miongoni mwetu, ambao hatukufungiwa, waliozoea ibada ya simu tangu siku zile na hawajarudi hadi leo. Kwa mgonjwa na mkongwe asiyeweza kutembea, ibada hiyo ni rehema kubwa. Kwa mwenye miguu mizima, inamnyima Meza ya Bwana, inamnyima mkono wa jirani, na inawanyima wengine uwepo wake.

Kwa hiyo nawaomba wazee wa kanisa: msiharakishe ungamo ili ibada ya pili iingie kwa wakati, punguzeni bahasha kwanza. Wazazi, mpeleke mtoto mwenyewe, ukae naye, akuone ukiimba na kupiga magoti, maana hatakumbuka ulichomwamuru, atakumbuka ulichokuwa ukifanya. Nanyi mnaopanda mabasi kila Desemba kutoka Dar es Salaam na Arusha kuja kujaza makanisa ya nyumbani, karibuni sana, tunawapenda. Lakini miezi kumi na moja iliyobaki tafuteni usharika huko huko mliko, mjiandikishe, mpeleke barua ya uhamisho, ili awepo mzee wa kanisa wa kuwabishia hodi msipoonekana.

Na yule atakayekwenda Jumapili hii akatoka bila kuguswa na chochote, asikate tamaa wala asidhani amepoteza asubuhi yake. Arudi ijayo, na nyingine ifuatayo. Tunaowaheshimu kwa imani yao, wale wazee waliozika watoto na bado wakasimama kuikiri Imani ya Mitume bila kuyumba, walikuzwa zaidi na Jumapili za kawaida ambazo siku yenyewe hawakuona faida yake.