Karatasi Duni, Herufi Kubwa

Mwaka 1910, mjini St. Petersburg, washairi vijana wachache walichapa mkusanyo wa mashairi yao nyuma ya karatasi ya kupambia kuta. Upande mmoja wa ukurasa kuna mapambo ya ukutani, upande wa pili kuna shairi. Miaka miwili baadaye, Desemba 1912, kikatoka Moscow kitabu kingine, hiki kikiwa na jalada la kitambaa cha gunia na kurasa za karatasi ya kufungia bidhaa. Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Kofi kwa Ladha ya Umma. Ndani yake David Burliuk, Aleksei Kruchenykh, Vladimir Mayakovsky na Velimir Khlebnikov walitangaza kwamba Pushkin, Dostoyevsky na Tolstoy wamepitwa na wakati, watupwe.

Ukata ulichangia, lakini haukuwa sababu kuu. Katika miaka iliyotangulia, wapenda sanaa wa Urusi walikuwa wamezoea majarida ya kifahari kama Mir iskusstva na Zolotoe runo: karatasi nzito, picha za rangi zilizochapwa kwa uangalifu, kila ukurasa umetulia. Gunia lilichaguliwa makusudi ili kuyajibu majarida hayo. Wasanii hawa, ambao wanahistoria huwaita avangadi, walitaka mtu akishika kitabu chao ahisi mkwaruzo kabla hajasoma neno.

Watu wengi huamini kwamba sanaa hii ilizaliwa na Mapinduzi ya 1917. Kalenda inakataa. Karibu kila mbinu inayosifiwa leo ilikuwa imeshajaribiwa kabla ya risasi ya kwanza kulia Petrograd, kama St. Petersburg ilivyoitwa wakati huo. Mapinduzi hayakuleta mtindo mpya, yalileta msomaji mpya. Na huyo msomaji, kama tutakavyoona, hakuwa rahisi kumpata.

Tuingie kwanza kiwandani. Kitabu cha kawaida wakati ule kilipangwa kwa herufi za risasi. Mpanga herufi aliokota herufi moja moja kwenye kisanduku, akazifunga mstari kwa mstari, ukurasa ukikamilika ukapelekwa mashineni. Picha ilitengenezwa na mafundi wengine, mara nyingi ikachapwa kwenye karatasi tofauti na kuingizwa baadaye. Maneno na picha vilikutana kwa mshona vitabu.

Kruchenykh aliiruka safari hiyo yote. Alimpa mchoraji karatasi maalumu na penseli ya mafuta. Mchoraji aliandika shairi kwa mwandiko wa mkono, akachora pembeni yake au juu yake, kisha karatasi ikagandamizwa kwenye jiwe la chokaa mpaka alama za mafuta zikahamia kwenye jiwe. Jiwe hulowanishwa maji, halafu hupakwa wino mzito: penye maji wino hukataa, penye mafuta hung'ang'ania. Karatasi ikilazwa juu na kubanwa, maneno na michoro hutoka pamoja, kutoka mkono mmoja. Mwaka 1913 Kruchenykh na Khlebnikov waliandika tamko la kutetea njia hii. Hoja yao ni kwamba mwandiko hubadilika kwa hali ya moyo ya mwandishi, na kwamba hali hiyo humfikia msomaji hata bila msaada wa maneno. Ilikuwa hoja ya lazima kwao, kwa sababu walikuwa wakitunga mashairi ya zaum, yaani ya sauti zisizo na maana ya kamusi. Shairi la namna hiyo likichapwa kwa herufi za risasi za gazeti hufanana na kosa la mpanga herufi.

Natalia Goncharova na Mikhail Larionov ndio waliovichora vingi vya vitabu vya mwanzo. Walipenda sana lubok, picha rahisi zilizopakwa rangi kwa mkono ambazo wachuuzi waliziuza kwa wakulima, na mstari wao mzito una ukoo na picha hizo. Kitabu chao maarufu zaidi, Mirskontsa cha 1912, kilitoka nakala 220. Jalada lake lina kipande cha karatasi ya rangi ambacho Goncharova alikikata na kukibandika, kwa hiyo nakala hazifanani kabisa. Ndani, baadhi ya maneno yamepigwa kwa mihuri. Kitabu cha Te li le cha 1914, chenye kazi ya Olga Rozanova, kilikwenda mbali zaidi: kilinakiliwa kwa bamba la jelatini lililonyonya wino wa rangi. Kila nakala hupunguza wino uliobaki, na baada ya nakala kama hamsini hakuna kitu. Vasily Kamensky naye, mwaka huohuo, alirudia karatasi ya ukutani na kuikata kona ya juu, kitabu kikawa na pande tano.

Inafaa kusema hapa kwamba wanawake hawakuwa wasaidizi katika kazi hii. Rozanova alikuwa na jicho kali zaidi la rangi kuliko karibu wote waliomzunguka. Katika Vita vya Dunia Nzima, kitabu cha 1916 alichokifanya pamoja na Kruchenykh, vita vinaonyeshwa kwa vipande vya karatasi ya rangi tupu, bila askari wala mzinga. Alikufa kwa dondakoo Novemba 1918, akiwa na miaka 32. Kruchenykh aliishi hadi 1968, na uzeeni alijipatia riziki kwa kuuza vitabu adimu na miswada.

Basi, nani aliyasoma haya? Marafiki, maadui na wakusanyaji. Nakala 220 hazitoki nje ya mitaa michache ya mji mmoja.

Ndipo ukaja Oktoba 1917, na kwa serikali mpya kitabu kikawa silaha. Lakini sensa ya 1897 ilikuwa imeonyesha kwamba ni kama mtu mmoja tu kati ya watano aliyejua kusoma katika himaya nzima. Desemba 1919 ilitoka amri ya kuwataka wote wasiojua kusoma, wenye umri wa miaka 8 hadi 50, wajifunze. Katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe karatasi ilikwisha, mitambo ikasimama. Varvara Stepanova aliandika mashairi yake ya Gaust chaba mwaka 1919 kwa mkono juu ya kurasa za gazeti lililokwisha chapwa, na safari hii sidhani kama dharau kwa karatasi nzuri ilikuwa na nafasi kubwa. Huko Moscow, shirika la habari la ROSTA lilitundika mabango kwenye madirisha ya maduka yaliyobaki matupu. Yalinakiliwa kwa stensili, kwa mikono, Mayakovsky akitunga maneno na kuchora mengi yeye mwenyewe. Bango la namna hii lilimlazimu msanii aseme na mpita njia asiyejua herufi: rangi tatu nne, umbo lisilo na kivuli, mzaha mmoja. Aliyeijifunza lugha hiyo huko Petrograd ni Vladimir Lebedev, na jina lake tutalirudia.

Je, viongozi waliwapenda? Anatoly Lunacharsky, kamishna wa elimu, aliwalinda. Lenin hakuwa na uvumilivu huo. Mei 1921 alimwandikia Lunacharsky kumkaripia kwa kuruhusu utenzi wa Mayakovsky, 150,000,000, uchapwe nakala 5,000; kwa maoni yake 1,500 zilitosha, za maktaba na za watu wenye vichwa vya ajabu. Ukumbuke kwamba utenzi huo ulibeba jina la idadi ya wananchi wote.

Mtu aliyejaribu kwa bidii zaidi kuunganisha kitabu na umati alikuwa El Lissitzky. Alianza na vitabu vya Kiyidi, akichora ngano za Kiyahudi kwa rangi nyororo. Mwaka 1919 Marc Chagall alimwita kufundisha katika shule ya sanaa ya Vitebsk, na muda si mrefu akafika Kazimir Malevich, yule wa mraba mweusi, akiwa na imani kwamba maumbo matupu yanatosha kujenga ulimwengu. Lissitzky akabadilika kabisa. Alikuwa amesomea usanifu majengo Ujerumani, na nadhani ndiyo sababu hakuridhika na mraba uliotulia ukutani. Alitaka uende mahali.

Ndivyo kilivyozaliwa Kuhusu Miraba Miwili, kilichobuniwa Vitebsk mwaka 1920 na kuchapwa Berlin 1922. Ni kitabu kwa watoto wote, kwa maneno yake. Mraba mwekundu na mraba mweusi wanaruka kutoka mbali kuja duniani, wanakuta vurugu nyeusi, wanaipiga, kisha mji mpya unajengwa. Mwanzoni mtoto anaambiwa asisome, achukue karatasi na vipande vya mbao ajenge mwenyewe. Maneno ni machache na yamelala mshazari, yakimwongoza msomaji kutoka ukurasa hadi ukurasa. Kina mwendo wa filamu. Kama hadithi, hata hivyo, ni kikavu: miraba haina njaa, haina hila, haigombani na mama yake.

Mwaka uliofuata, pia Berlin, alitengeneza kitabu ambacho kwangu mimi ndicho kilele cha uchapaji wa zama hizo: Dlya golosa, yaani Kwa Ajili ya Sauti, mashairi 13 ya Mayakovsky ya kusomwa kwa sauti hadharani. Msemaji aliyesimama jukwaani hana muda wa kupekua yaliyomo. Kwa hiyo Lissitzky alikata ukingo wa kulia kwa ngazi kama daftari la anwani, kila ngazi ikiwa na alama na jina fupi la shairi. Kidole kinagusa, kitabu kinafunguka mahali panapotakiwa. Kila shairi linafunguliwa kwa kurasa mbili nyekundu na nyeusi, zenye nanga, jicho, nyundo na mundu, au herufi moja kubwa ambayo maneno matatu yanaigawana.

Picha hizo hazikuchorwa. Zimejengwa kwa vitu vilivyomo kwenye kisanduku cha mpanga herufi: mistari ya shaba, vipande vya risasi, duara, herufi zilizogeuzwa. Lissitzky alichora mpango wa kila ukurasa, na fundi Mjerumani akaufuata bila kujua Kirusi. Hapa kuna jambo la kuvutia. Mwaka 1912 Kruchenykh aliikimbia herufi ya risasi kwa kuiona maiti. Mwaka 1923 Lissitzky aliirudia na kuifanya icheze. Wote wawili walikuwa wakitafuta kitu kilekile, ukurasa ambao macho yanausikia. Na bado kitabu hiki cha mikutano ya wafanyakazi kilichapwa Berlin, na naamini mashabiki wake wakubwa walikuwa wachapaji na wasanii wa Ulaya.

Aleksandr Rodchenko nitampitia haraka, si kwa kumdharau bali kwa sababu mabango yake yanajulikana kila mahali. Mwaka 1923, kabla hajaanza kupiga picha yeye mwenyewe, alikata picha za majarida na za Lilya Brik, mpenzi wa Mayakovsky, akazibandika kufuatana na shairi la mapenzi la Mayakovsky, Pro eto. Uso wa Brik uliotoa macho ukawa jalada. Kwa Rodchenko kamera ilikuwa shahidi ambaye brashi haiwezi kuwa. Hoja hiyo ilikuja kuwanufaisha sana waenezi wa propaganda wa miaka ya 1930, kwani picha inayoaminiwa ndiyo inayodanganya vizuri.

Msomaji mpya alipatikana mahali ambapo wakubwa hawakupaangalia sana. Tangu 1918, Petrograd, Vera Ermolaeva na wenzake walikuwa na kikundi kidogo, Segodnya, kilichochonga picha kwenye linoleamu na kuchapa vijitabu vya kurasa chache, vingine vikitiwa rangi kwa mkono. Kisha serikali ikaruhusu tena biashara binafsi, na mwaka 1922 likaanzishwa shirika la Raduga la kuchapa vitabu vya watoto. Hapo Lebedev alikutana na mshairi Samuil Marshak.

Fungua Tsirk, yaani Sarakasi, kitabu chao cha 1925. Ukurasa ni mweupe, hauna sakafu wala anga. Mcheza sarakasi ni duara, pembe na mistatili michache ya rangi bapa, lakini unajua mara moja kwamba ni mnene, ana majivuno na yuko karibu kuanguka. Hayo ni maumbo ya Malevich yaliyopitia bango la ROSTA na kupata tumbo. Mashairi ya Marshak ni mafupi kama maneno ya mnadi jukwaani, na herufi zimepangwa kufuata mchezo. Katika kitabu chao kingine, Bagazh, bibi mmoja anasafiri na mizigo pamoja na kijibwa, na orodha ya mizigo inarudi kila kurasa chache. Mtoto asiyejua kusoma anaikariri kabla ya kituo cha pili cha treni. Lebedev, aliyesimamia picha za vitabu vya watoto katika tawi la Leningrad, jina jipya la Petrograd, la shirika la uchapaji la serikali, aliwataka wachoraji wake waende kiwandani na kulielewa jiwe. Ni jiwe lilelile la Goncharova, ila sasa liliwatumikia watoto kwa maelfu, na kitabu kilikuwa chembamba, cha bei nafuu, chenye pini mbili mgongoni.

Mtoto hakuhitaji tamko kuelewa kwa nini uso hauna kivuli. Ndiyo maana naviweka vitabu hivi juu ya vingi vilivyoandikiwa watu wazima.

Aprili 1932 Chama cha Kikomunisti kilivunja makundi yote huru ya waandishi na wasanii ili kuunda vyama vya pamoja chini ya usimamizi wake. Mayakovsky alikuwa ameshajipiga risasi miaka miwili nyuma. Lissitzky, akiwa mgonjwa wa kifua kikuu, alibuni matoleo ya jarida la SSSR na stroike, lililosambazwa nchi za nje kwa lugha kadhaa. Ermolaeva alikamatwa Desemba 1934, akapelekwa kambini Kazakhstan, akapigwa risasi 1937. Na tarehe 1 Machi 1936 gazeti la Pravda lilitoa makala dhidi ya wachoraji wa vitabu vya watoto, likiwaita wachafuzi wa karatasi, Lebedev akiwa mlengwa wa kwanza. Hakukamatwa. Aliendelea kuchora vitabu vya Marshak hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa penseli laini na vivuli vingi, paka wakiwa na manyoya yote na wasichana wakiwa na mashavu mekundu, kama wahariri walivyotaka.