Selimundu na masika: Safari ikiahirishwa, furaha isiahirishwe

Kuanzia Machi hadi Mei, mvua za masika huvunja mipango mingi katika nyumba za Dar es Salaam, Tanga, Morogoro na Pwani. Sherehe huhamishwa, barabara hujaa maji, safari za Pasaka huahirishwa. Kwa familia nyingi huo ni usumbufu wa siku chache. Kwa mzazi mwenye mtoto anayeugua selimundu, mvua hiyo hiyo huja na swali zito zaidi: leo tutalala nyumbani au wodini?

Kama wewe ni mzazi huyo, hali hii unaijua. Nguo zimepangwa, tiketi ya basi imekatwa, bibi kule Lushoto ameshaambiwa. Usiku mvua inanyesha, na alfajiri mtoto anaamka akilalamika kuwa miguu inamuuma. Hapo hapo unajua kwamba safari haipo tena. Leo tuzungumzie siku kama hiyo: namna ya kumlinda mtoto, na namna inavyoweza kuwaletea furaha ambayo hamkuipanga.

Kwa nini mvua humsumbua

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi. Mtoto huupata anapopokea vinasaba vyake kutoka kwa baba na mama, hata kama wazazi wenyewe hawaumwi. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za duara na laini, hujikunja mfano wa mundu zinapopungukiwa oksijeni. Zikiwa hivyo hunasa kwenye mishipa midogo, na sehemu isiyofikiwa na damu huanza kuuma. Inaweza kuwa mikono, miguu, mgongo, kifua au tumbo.

Baridi, kulowa, upungufu wa maji mwilini, uchovu na maambukizi ni miongoni mwa mambo yanayochochea maumivu hayo. Siku ya mvua mtoto hasikii kiu, hivyo hunywa maji kidogo bila mtu kugundua. Baada ya mvua huja mbu na malaria, ambayo kwa mtoto huyu ni hatari zaidi kwa sababu damu yake tayari ni pungufu. Kwa hiyo unapoamua msisafiri, usijione kama unamnyima mtoto raha. Unamlinda.

Hofu nayo huumiza

Hofu na msongo wa mawazo pia hubana mishipa midogo ya damu. Mtoto anayekaa akisubiri maumivu kwa woga huyasikia zaidi. Yule ambaye akili yake imeshikwa na jambo analolipenda huyasikia kidogo. Ndiyo maana hospitali nyingi za watoto duniani hutenga sehemu ya kuchezea. Mchezo hauchukui nafasi ya dawa, bali huisaidia dawa kufanya kazi yake.

Tena kucheza si hisani. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, katika Ibara ya 31, unatambua haki ya kila mtoto kupumzika na kucheza. Mkataba haukumtoa mtoto mgonjwa.

Mwache kwanza anune

Wazazi wengi hukimbilia kusema, “Usilie, tutaenda siku nyingine.” Nia ni njema, lakini mtoto husikia kwamba huzuni yake haina maana. Mwambie ukweli kwa maneno machache: “Najua ulitaka sana kumwona bibi. Hata mimi imeniuma.” Kisha kaa naye. Mpe dakika zake za kununa. Furaha haiamrishwi, na mtoto aliyeruhusiwa kusikitika huwa mwepesi kucheka baadaye.

Wakati huo huo mshughulikie. Mvalishe soksi na sweta. Mpe dawa ya maumivu aliyoandikiwa, kwa kipimo alichoelekezwa. Mkande panapouma kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, usimwekee barafu. Dawa zake za kila siku zisiachwe hata siku moja kwa sababu ya pilikapilika.

Nipe mji

Baada ya hapo, angalia kilichopo ndani ya nyumba. Kuna bao, drafti na karata. Kuna unga wa maandazi ambao mtoto anaweza kukusaidia kuukanda akiwa amekaa, mikono ikiwa kwenye kitu chenye uvuguvugu. Kuna karatasi za daftari la zamani za kutengenezea mashua, ambazo kaka yake anaweza kuzishusha kwenye mtaro huku yeye akitazama dirishani na kushangilia.

Na kuna vitendawili, ambavyo havihitaji umeme wala bando. “Kitendawili!” “Tega!” Anayeshindwa hutoa mji. Mtoto akikushinda akasema, “Nipe mji,” mpe Lushoto. Mwache aende huko kwa maneno, asimulie alivyopokelewa, alivyokula matunda, alivyopanda mlima bila kuchoka. Usimkatize. Mpigie bibi simu naye aingie kwenye safari hiyo, aeleze mama yake mtoto alikuwa mtundu kiasi gani alipokuwa na umri huo. Kuna mambo ambayo bibi asingepata nafasi ya kuyasema kama mngefika na kukuta nyumba imejaa wageni.

Ongezeni sheria moja ya nyumbani: kila anayeshindwa kitendawili anakunywa maji nusu kikombe. Mzazi shindwa mara kwa mara, naye ashindwe mara kwa mara. Ifikapo jioni mtoto atakuwa amekunywa maji ya kutosha bila ugomvi. Uji mwepesi, supu na maji ya matunda navyo vinahesabika.

Anachofurahia mtoto hapa, zaidi ya mchezo wenyewe, ni kukupata wewe bila haraka. Siku za kawaida unaondoka asubuhi na kurudi usiku kwa sababu ya foleni. Mvua imekurudisha kwake.

Tahadhari ya jiko la mkaa

Baridi ikizidi, familia nyingine huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Usifanye hivyo kamwe. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika damu na kuizuia kubeba oksijeni. Huua watu wazima wakiwa usingizini. Kwa mtoto ambaye chembe zake hujikunja kwa kukosa oksijeni, hatari ni maradufu. Tumia blanketi, nguo nzito na chai ya moto.

Kwako mgonjwa mtu mzima

Nawe unayeishi na selimundu na umekua, pengine umeshajifunza kutopanga kitu chochote ili usije ukavunjika moyo. Usifike huko. Panga, lakini kila mpango uwe na mdogo wake: kama sitaweza kwenda harusini, nitavaa vizuri na kumpigia bwana harusi kwa video. Kama sitaweza kwenda kwaya, wenzangu wawili waje waimbe sebuleni. Waambie watu mapema, ili siku ikifika usitumie nguvu zako kujieleza.

Wakati wa kwenda hospitali

Furaha ya nyumbani ina mipaka. Mpeleke mtoto hospitali mara moja, hata kama mvua inanyesha, ukiona mojawapo ya dalili hizi: homa ya nyuzi joto 38 au zaidi, kifua kuuma au kupumua kwa shida, udhaifu wa ghafla wa mkono au mguu, mdomo kwenda upande au maneno kukwama, tumbo kuvimba upande wa kushoto chini ya mbavu, kupauka sana viganja na midomo, macho kuzidi kuwa ya njano, uume kusimama kwa muda mrefu na kuuma, au maumivu yasiyopungua baada ya dawa.

Kwa sababu barabara huweza kufungwa, jiandae kabla mvua hazijaanza. Tafuta dereva wa bajaji au jirani mwenye gari atakayekubali kuamshwa usiku, na uweke akiba ya nauli. Andaa mfuko mmoja wenye kadi ya kliniki, kipimajoto, dawa, soksi na chupa ya maji. Humo humo tia na karata. Hata wodini kuna saa ndefu za kusubiri, na mtoto wa kitanda cha jirani huenda naye anatafuta mtu wa kucheza naye.