Maji Yajifichayo Ndani ya Mashine ya Upepo

Wengi wetu tulipohamia hapa Doha hatukuiacha kazi ya mikono. Katika nyua za nyumba zetu hazikosekani meza ya useremala, sanduku la spana, na ile mashine ndogo ya upepo iliyonunuliwa Sanaiya ikiwa imekwisha tumika. Ni juu ya mashine hiyo tunapenda kuzungumza nanyi mwezi huu, kwa sababu ilitufunza somo ambalo sisi, tuliosomesha miaka mingi, tulipaswa kulijua.

Agosti ya mwaka jana tulikuwa tukipiga rangi kabati la wajukuu. Rangi ikatoka malengelenge. Tukailaumu rangi, tukamlaumu na muuzaji. Baada ya siku chache tukapapasa chini ya tangi, tukakuta tone la maji yenye kutu, na juu yake kitundu mfano wa ncha ya sindano. Tangu tuinunue mashine ile hatukupata hata siku moja kuifungua koki yake ya chini, na wajukuu wakicheza kando yake kila jioni.

Maji hayo yalitoka wapi? Yalitoka katika hewa yenyewe. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la nyuzi 35 na unyevu wa asilimia 70 huchukua kiasi cha gramu 28 za maji kwa hali ya mvuke. Ikikandamizwa hadi sehemu moja ya nane ya nafasi yake, kisha ikarudi katika joto lile lile, haiwezi kuchukua zaidi ya gramu 5. Gramu 23 zilizobaki hugeuka maji. Basi mashine ivutayo mita 6 za ujazo kwa saa hukusanya zaidi ya gramu 130. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hula chuma kutoka ndani, mahali jicho lisipofika.

Dawa yake ni nyepesi. Kila umalizapo kazi, zima mashine na uchomoe waya wa umeme. Punguza upepo mpaka ubaki kidogo, kisha fungua koki ya chini polepole, uso ukiwa kando, na kinga maji hayo kwa kopo kwani yamechanganyika na mafuta. Iache koki wazi hadi kazi ya kesho.

Pili, chujio. Chombo hiki hukamata matone, hakikamati mvuke. Kwa hiyo kikifungwa karibu na mashine, ambako hewa bado ni ya moto, mvuke hukipita. Sisi wa Doha tuna jambo letu: mashine huwa uani kwenye jua, na kazi hufanywa chumbani penye kiyoyozi. Mpira ukiingia katika baridi, mvuke hugeuka maji humo humo. Chujio basi na liwe ndani ya chumba. Na mabomba yawe ya chuma au shaba, yenye kuteremka kidogo. Bomba la plastiki la maji ya nyumbani lisitumike kamwe, kwani likipasuka kwa upepo vipande vyake huruka kama risasi.

Tatu, mafuta. Spana na bisibisi za upepo huhitaji mafuta mepesi yaliyotengenezwa kwa vyombo hivyo. Matone machache kabla ya kazi yatosha. Mafuta ya kupikia hugandamana na kuziba. Lakini bastola ya rangi haitaki hata tone. Uwe na mpira mmoja wa vyombo na mwingine wa rangi, wala usiichanganye.

Rafiki mmoja alitushauri tulichomelee lile tundu. Tulikataa. Tundu moja ni dalili kwamba chuma chote cha chini kimekwisha kuwa chembamba, na tangi la namna hiyo likijazwa huweza kupasuka kwa kishindo cha kuua. Tulilitoboa makusudi, likiwa tupu, ili asije mtu mwingine akalitumia, kisha tukalitupa.

Leo jioni, kabla ya watoto kutoka kucheza, ingia uani uifungue koki yako. Rangi ya maji yatakayotoka itakueleza hali ya tangi lako.