Tulasi Uani, Kotmiri Jikoni

Tulasi ni ndugu wa mrehani. Mimea yote miwili ina mashina ya pembe nne na majani yaliyokaa mawili mawili, yakitazamana. Tofauti hujulikana jani likishikwa. La rehani huteleza na kung'aa. La tulasi lina vinyweleo na kingo za meno meno, na likifikichwa hutoa ukali wa karafuu. Ukali huo unatoka mahali pamoja: mafuta ya mimea yote miwili, tulasi na mkarafuu, yana eujenoli.

Mmea huu unaotukuzwa na Wahindu hudhaniwa kuwa umejaa vyunguni mwa Wahindi, kumbe sivyo. Kwa Wahindu, tulasi hupandwa uani, ikamwagiliwa maji asubuhi na kuwashiwa taa jioni. Jani lake huwekwa juu ya chakula anachotolewa mungu Vishnu au Krishna, na machache huchemshwa kwa tangawizi mtu akishikwa na mafua. Wanaoikaangia nyama ni Wathai. Waswahili nao rehani wameipa heshima ya namna nyingine: husukwa kwenye kikuba pamoja na asumini, ikavaliwa kwa harufu.

Kazi ya sufuriani hufanywa na majani mengine. Na wenye jiko hilo hawakuja pwani jana: wafanyabiashara wa Kihindi walikuwapo Malindi Vasco da Gama alipotia nanga Aprili 1498, na shajara ya safari ile inataja kuwa hawakula nyama ya ng'ombe. Jiko la dengu na mboga lisilo na supu ya mifupa hutafuta utamu wake kwenye viungo na majani, na hapo kila jani lina wakati wake wa kuingia.

Majani ya mchuzi, ambayo Wagujarati huyaita limdo, huingia kwenye mafuta ya moto. Haradali ikishaanza kupasuka, majani hutupiwa humo yakiwa yamefutwa maji vizuri, maana tone moja la maji hurusha mafuta hadi usoni. Hulia, hujikunja, na kabla hayajawa meusi, humiminwa pamoja na mafuta juu ya dengu iliyoiva. Mafuta hubeba harufu ambayo maji hayaitoi. Majani makavu ya dukani karibu hayafai kitu. Mabichi ndiyo yenye maana.

Kotmiri ni kinyume chake. Harufu yake hupaa upesi kwa joto, hivyo hukatwakatwa na kunyunyizwa moto ukishazimwa. Mashina yake yasitupwe: ndiyo yanayoipa nguvu chatini inayosagwa kwa nazi, pilipili mbichi na ndimu. Nanaa husagwa nayo pia, au hutandazwa kati ya wali na nyama ya biriani. Majani ya uwatu ni machungu. Hutiwa chumvi, yakakamuliwa, kisha hupikwa na viazi au huchanganywa na unga wa dengu kwa bajia. Mchaichai hupondwa na kuchemshwa katika chai ya maziwa.

Kwa joto la Malindi na Kilifi, mti wa majani ya mchuzi na tulasi hustawi bila shida, na machipukizi yanayoota kando ya shina la ule mti huhamishwa yakawa miti mipya. Kotmiri husumbua: jua kali huifanya itoe maua mapema na majani kuwa membamba. Hupandwa kivulini, kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili au tatu, na hukatwa ingali changa.