Kutoka Chumba cha Upasuaji hadi Umakamu wa Rais

Tarehe 18 Novemba 1994 Rais Yoweri Museveni wa Uganda alimteua Daktari Speciosa Wandira Kazibwe kuwa Makamu wa Rais wa nchi hiyo. Hadi siku hiyo hapakuwa na mwanamke katika Afrika aliyepata kushika cheo hicho katika taifa huru. Aliyeteuliwa hakuwa mke wa mkubwa wala binti wa mtawala. Alikuwa daktari mpasuaji, mtu aliyezoea kuvaa glavu na kusimama saa nyingi mbele ya meza ya upasuaji.

Kwa wakazi wa Bujumbura, jambo la mwanamke kukabidhiwa dola halikuwa geni. Bibi Sylvie Kinigi aliapishwa kuwa Waziri Mkuu wa Burundi tarehe 10 Julai 1993. Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba mwaka huohuo, ni mama huyo aliyebaki akiiongoza serikali iliyosalia, akiwa amepewa hifadhi katika ubalozi wa Ufaransa pamoja na baadhi ya mawaziri wake, hadi nchi ilipompata Rais mwingine Februari 1994. Bibi Kinigi alitoka katika fani ya uchumi na kazi ya benki. Jirani yetu wa Uganda alitoka hospitali, na njia aliyopita inastahili kuelezwa kwa urefu kidogo, kwa sababu mara nyingi huelezwa visivyo.

Wako waliosema siku zile, na wako wasemao hata leo, kuwa uteuzi ule ulikuwa pambo la serikali, mfano wa maua yawekwayo mezani wageni wanapofika. Mwenye kusema hivyo hajatazama tarehe. Wandira alizaliwa katikati ya miaka ya 1950 katika nchi ya Busoga, upande wa Iganga, mashariki mwa Uganda. Alisoma katika shule ya wasichana ya Mount Saint Mary's, Namagunga, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Makerere kusomea udaktari. Miaka yake ya chuo ilikuwa miaka ya utawala wa Idi Amin. Wahindi walikuwa wamekwisha kufukuzwa mwaka 1972, maduka yalikuwa matupu, na madaktari wengi, wenyeji na wageni, walikuwa wameihama nchi. Alihitimu mwaka 1979, mwaka uleule ambao majeshi ya Tanzania, pamoja na wapiganaji wa Uganda, yaliingia Kampala na Amin akakimbia. Baadaye alirudi Makerere kuongeza elimu ya upasuaji, akatunukiwa shahada ya pili katika fani hiyo, fani ambayo wakati ule ilihesabiwa kuwa ya wanaume.

Askari aliyewahi kulazwa katika Hospitali ya Kijeshi ya Kamenge, au aliyembeba mwenzake aliyejeruhiwa katika mitaa ya Mogadishu, hahitaji kuelezwa kazi ya mpasuaji ni kazi gani. Mpasuaji huamua upesi, tena huamua mbele ya macho ya watu, na hana nafasi ya kusema jambo lingoje kikao kijacho. Hata hivyo, hawezi kufanya lolote akiwa peke yake. Asipokuwapo mwenye kutoa dawa ya usingizi, asipokuwapo muuguzi wa kumkabidhi vyombo, ikikosekana damu au maji yaliyochemshwa, ustadi wa mikono yake ni bure. Ni kazi ya amri na utii kama ilivyo ya kikosi, ila adui wake ni saa.

Kuna sababu nyingine, na pengine ndiyo kubwa zaidi, iwafanyayo waganga wengi wa Afrika waingie katika siasa. Mganga huijua nchi kwa njia ya wagonjwa wake. Mama mjamzito anapofikishwa hospitali akiwa amechelewa siku mbili, daktari huona damu inayomtoka, lakini huona pia barabara isiyopitika, nauli isiyopatikana, na mume aliyesema hakuna haja ya kwenda mjini. Kisu chaweza kumwokoa mama yule. Hakiwezi kutengeneza barabara. Baada ya kuona hayo mwaka baada ya mwaka, yuko daktari atakayekata tamaa na kwenda kufanya kazi ng'ambo, na yuko atakayeuliza ni nani mwenye ufunguo wa hazina ya barabara.

Nchini Uganda jambo hilo lilifika hatua ya kustaajabisha. Kabla ya Wandira Kazibwe, Makamu wa Rais alikuwa Samson Kisekka, naye daktari. Aliyemfuata mwaka 2003 alikuwa Profesa Gilbert Bukenya, daktari vilevile. Kuanzia 1991 hadi 2011, makamu watatu mfululizo walikuwa waganga, hata mtu angedhani kuwa ofisi ile ni chumba cha zamu cha hospitali ya Mulago.

Lakini daktari hageuki kiongozi kwa kuvua koti jeupe tu. Lazima pawe na ngazi ya kupandia, na ngazi hiyo ndiyo sehemu ya habari hii inayopuuzwa. Majeshi ya Museveni yalipoingia Kampala Januari 1986, serikali mpya ilieneza nchi nzima mpango wa mabaraza ulioanzishwa msituni wakati wa vita. Watu wazima wote wa kijiji walikuwa wajumbe wa baraza la kijiji, nao wakachagua kamati ya watu tisa. Katika hao tisa, nafasi moja iliwekwa kwa katibu wa mambo ya wanawake. Mabaraza yalipanda ngazi tano kutoka kijiji hadi wilaya. Ilipofika mwaka 1989, baraza la taifa lilipopanuliwa kwa uchaguzi, kila wilaya ilipeleka mwanamke mmoja.

Mpango huo ulikuwa na kasoro yake, nayo isifichwe. Mwanamke aliyeingia kwa kiti kilichotengwa alitazamwa na wengine kama mdeni wa serikali iliyomtengea, na mara nyingi alitarajiwa kulipa deni hilo kwa kunyamaza. Hata hivyo, ukweli mwingine haupingiki: maelfu ya wanawake ambao hawakuwahi kusema mbele ya mkutano walijifunza kusema, kuandika mihtasari, kupiga kura na kushindwa. Wandira Kazibwe aliingia katika uongozi wakati huo. Mwaka 1989 alifanywa Naibu Waziri wa Viwanda. Mwaka 1991 akapewa wizara iliyoshughulikia maendeleo ya wanawake, vijana na utamaduni. Mwaka 1994 alikuwa mjumbe wa Bunge la Katiba, ambalo kazi yake ilizaa Katiba ya Oktoba 1995. Kwa hiyo alipoitwa kuwa Makamu, alikuwa na miaka mitano ya uwaziri mgongoni.

Warundi nao walikuja kujenga ngazi ya namna hiyo kwa njia yao. Julai 2000 wanawake wa Burundi, wakiwamo wawakilishi wa vyama 19 vilivyokuwa katika mazungumzo, walikutana Arusha na kuweka madai yao mbele ya msuluhishi, Mzee Nelson Mandela, mwezi mmoja tu kabla ya mkataba kutiwa sahihi tarehe 28 Agosti. Katiba ya mwaka 2005 ikaagiza kwamba wanawake wasipungue asilimia 30 katika serikali na katika Bunge. Mwaka huohuo Bibi Immaculée Nahayo akawa Spika wa Bunge, na Bibi Alice Nzomukunda akawa Makamu wa Pili wa Rais. Katika fani ya tiba, Daktari Josiane Nijimbere aliongoza Wizara ya Afya hadi mwaka 2018.

Hata kabla ya hao wote, njia kutoka wodini hadi bungeni ilikwisha kupitwa katika Afrika Mashariki. Bibi Lucy Lameck, aliyezaliwa mwaka 1934 huko Njoro karibu na Moshi, alisomea uuguzi, akaiacha kazi hiyo kwa kutopenda kutumika chini ya wakoloni, akaingia TANU, akaenda kusoma katika Chuo cha Ruskin huko Oxford, kisha akawa mbunge na mmoja wa wanawake wa kwanza kushika unaibu waziri katika Tanzania. Wizara ya Afya ilikuwa miongoni mwa alizozitumikia. Kazi aliyoikataa chini ya bendera ya mgeni aliirudia chini ya bendera yake mwenyewe, akiwa sasa upande wa watoa maagizo. Alifariki mwaka 1993, mwaka mmoja kabla ya uteuzi wa Kampala. Na mbali kabisa, katika visiwa vya Fiji, nchi ambayo askari wake wanajulikana katika vikosi vya kulinda amani, daktari wa meno Jiko Luveni alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge, mwaka 2014.

Umakamu wenyewe ulikuwaje? Katika nchi ambayo madaraka yote makubwa yako kwa Rais, Makamu hufanya yale anayotumwa kufanya. Mwaka 1996 Wandira Kazibwe aliongezewa Wizara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi, na hapo ndipo palipokuwa na kazi yenye uzito, kwani wengi wa Waganda wanaishi kwa jembe. Hapo pia ndipo alipoumia. Mpango wa mabwawa ya kunyweshea mifugo ulimeza mabilioni ya shilingi, na Bunge lilipotaka kuyaona mabwawa, halikuridhika na kilichoonyeshwa. Mwaka 1999 wizara ile iliondolewa mikononi mwake, akabaki na umakamu. Wapenzi wake wangependa sura hii irukwe. Lakini waziri hujibu kwa yaliyofanyika chini yake, kama kamanda ajibuvyo kwa ghala la silaha hata kama ufunguo anao mtu mwingine, na kuwa mwanamke wa kwanza hakumwondolei mtu hesabu hiyo.

Jambo lililowashangaza watu zaidi lilikuja mwaka 2002. Makamu wa Rais alitamka hadharani kwamba ameachana na mumewe kwa sababu, kwa maelezo yake, alikuwa akipigwa. Nchi ilipigwa na butwaa. Huyu alikuwa mtu wa pili katika dola, aliyesindikizwa na walinzi wenye bunduki, ambaye magari yalimpisha njiani. Walinzi walilinda lango, na ndani ya lango hapakuwa na wa kumlinda. Wengine walimlaumu kwa kuyatoa ya chumbani, wakasema amewavunjia heshima wenye ndoa. Wengine, na hasa wanawake wasio na cheo wala mlinzi, walisikia kwa mara ya kwanza mkubwa wa serikali akilitaja jambo ambalo wao walilificha kwa kitambaa kichwani na uongo wa kuanguka ngazini.

Kwa polisi habari hiyo ina uzito wa pekee. Mwanamke anapofika kituoni akiwa amevimba uso, jibu lililozoeleka katika nchi nyingi za kanda hii ni kumwambia arudi nyumbani wakapatane. Jibu hilo si la sheria. Uganda ilipata sheria mahsusi juu ya ukatili wa majumbani mwaka 2010, miaka minane baada ya tamko lile. Burundi inayo Sheria Nambari 1/13 ya tarehe 22 Septemba 2016, juu ya kuzuia ukatili wa kijinsia, kuwalinda walioupata na kuwaadhibu wakosaji. Mganga aliyemwona mgonjwa anaweza kuandika cheti cha majeraha, na mjini Bujumbura kituo cha Seruka kimekuwa kikiwapokea waliodhulumiwa tangu mwaka 2003. Lakini cheti hakimkamati mtu. Anayefungua jalada ni askari wa zamu, naye huenda akakutana na mshitakiwa mwenye cheo kikubwa kuliko chake, pengine hata mwenye sare kama yake. Hapo ndipo sheria hupimwa.

Mei 2003 Wandira Kazibwe aliacha umakamu, akaenda kusoma. Akiwa na umri unaokaribia miaka 50, mtu aliyekwisha kukagua magwaride ya heshima alikaa tena darasani, huko Harvard nchini Marekani, na kumaliza shahada ya udaktari wa sayansi katika mambo ya afya ya umma na idadi ya watu. Mwaka 2013 Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Ban Ki-moon, alimteua kuwa mjumbe wake maalumu wa mambo ya UKIMWI katika Afrika. Kazi hiyo ilimrudisha kwa wagonjwa, safari hii si mmoja mmoja mezani, bali kwa mamilioni. Majeshi yetu yanajua sababu ya kulijali jambo hilo, maana askari akaaye mbali na nyumbani kwa miezi mingi ni miongoni mwa wanaohatarishwa zaidi na ugonjwa huo.

Umakamu wa Rais wa Uganda haukubaki bila mwanamke milele: mwaka 2021 aliteuliwa Bibi Jessica Alupo, naye alitoka jeshini. Wandira Kazibwe mwenyewe alijaribu kupanda mara moja zaidi. Julai 2016, wakuu wa Umoja wa Afrika walipokutana Kigali kumtafuta mrithi wa Nkosazana Dlamini-Zuma, ambaye naye ni daktari, Uganda ilimsimamisha agombee uenyekiti wa Tume. Wagombea walikuwa watatu, na sharti lilikuwa theluthi mbili ya kura. Hakuna aliyezifikisha. Uchaguzi uliahirishwa, na Januari 2017, wakuu walipopiga kura tena mjini Addis Ababa, jina lake halikuwamo, na kiti kilimwendea Moussa Faki Mahamat wa Chad.